Papa wa Mume Wangu

Mume wangu alifundisha kwaya ya kanisa letu pale Ukunda kwa miaka mingi hata watu wakasahau kwamba ana jina. Waumini walimwita Mwalimu. Wenzake wa hotelini nao walimwita Mwalimu, ingawa kule kazi yake ilikuwa kupeleka sahani mezani. Na mimi pia, tangu tulipotoka bara tukiwa vijana na kuja kutafuta kazi pwani, nilimwita hivyo hivyo. Niliimba sauti ya pili katika kwaya yake. Siku za kazi nilikuwa dobi katika hoteli nyingine ya Diani, nikipiga pasi mashuka na vitambaa vya meza, na jioni tulikutana katika vyumba vyetu viwili vya kupanga, yeye akinukia jikoni na mimi nikinukia sabuni. Mungu alitupa binti mmoja. Aliolewa mbali, akawa ni sauti ya kwenye simu.

Siku Papa alipotangaza kwamba anajiuzulu nilikuwa nimekaa mesi ya wafanyakazi, nakula. Televisheni ilikuwa juu ya friji. Mpishi mmoja akanigeukia na kijiko mkononi.

"Mama, eti Papa wenu ameacha kazi?"

Nikamwambia haiwezekani, Papa haachi kazi, hufa. Kisha nikatazama juu na kumwona yule mzee mwenye nywele nyeupe akisoma karatasi kwa sauti ndogo, nikaona aibu, kana kwamba nimesema uongo kuhusu mtu wa nyumbani kwangu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwalimu ameketi kitandani na sare yake ya hoteli, hata viatu hajavua.

"Amechoka," nikamwambia. "Ni mzee. Wamesema nguvu zimemwishia."

"Baba wa nyumba huchoka," akajibu. "Lakini hasemi kuanzia mwisho wa mwezi mimi si baba yenu."

Papa mpya alipochaguliwa, Mwalimu ndiye aliyetuongoza kuimba nyimbo za shukrani, akapiga kinanda mpaka shati likamganda mgongoni. Papa mzee alikwenda kuishi maisha ya kimya ndani ya kuta zile zile za Vatikani, na sisi tukaendelea na maisha yetu. Ilipita miaka. Mimi nilidhani jambo lile limekwisha.

Lilirudi mwaka wa ugonjwa ule uliofunga dunia. Hoteli zilifungwa, ufuo ukabaki na kaa na mbwa, na makanisa yakafungwa pia. Tulisali misa kwenye simu. Mwalimu aliiegemeza simu juu ya mkebe wa sukari, tukapiga magoti sakafuni mbele yake. Lakini misa ilipokwisha, simu haikunyamaza. Ilituletea mahubiri, na baada ya mahubiri ikaleta mtu mwingine, na mwingine tena. Mimi niliinuka kwenda kupika. Yeye alibaki. Alikuwa mtu aliyezoea kutumikia watu mia kwa jioni moja, na sasa hakuwa na hata mmoja wa kumtumikia. Nadhani wale waliokuwa wakisema ndani ya simu walimfanya ahisi kwamba bado anahitajika mahali.

Asubuhi moja nilikuwa nachagua mchele, akaniambia, "Mama, weka ungo chini. Nikuulize kitu."

Nikauweka.

"Mimi sasa siendi hotelini. Sipeleki sahani. Je, mimi si mhudumu tena?"

"Mwalimu, hoteli imefungwa."

"Ndiyo, kazi imesimama. Lakini mimi sijaacha. Ni vitu viwili. Kuna cheo, na kuna kazi ya cheo."

Akanieleza, pole pole, kama alivyokuwa akitufundisha wimbo mpya mstari kwa mstari. Alisema kwamba Papa mzee alipojiuzulu alisoma kwa Kilatini, na Kilatini kina neno moja kwa ajili ya cheo chenyewe, na neno jingine kwa ajili ya utumishi wake. Papa mzee, alisema Mwalimu, aliachia lile la utumishi tu. Cheo alibaki nacho. Ndiyo sababu aliendelea kuvaa nyeupe. Ndiyo sababu hakurudi kwao. Ndiyo sababu hakurudia jina alilopewa na wazazi wake.

"Na kama hakuachia," akamalizia, "yule mwingine ni nani?"

"Ni Papa," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, vile alivyokuwa akiwatazama wageni walioagiza pweza bila kujua pweza ni kitu gani. Mimi nikauchukua ungo wangu. Nilifikiri hoteli zikifunguliwa, na maneno hayo yatakwisha.

Mimi niliitwa kazini mapema. Yeye hakuitwa tena. Walimwambia kwa simu kwamba wafanyakazi wa umri wake wapumzike, wakamshukuru.

Makanisa yalipofunguliwa alirudi kwenye kinanda chake, na Jumapili za kwanza nilifurahi sana, maana nilimwona akinyanyua mikono na sote tukanyanyua sauti. Lakini mtu aliyeimba kando ya mumewe nusu ya maisha yake husikia yasiyosikiwa na wengine. Katika ile sala ndefu ya misa, padre humtaja Papa kwa jina, humtaja askofu, na mwisho wa sala sisi sote huimba Amina. Ile Amina yetu ilikuwa ya Mwalimu, aliitunga mwenyewe, na sauti yake nzito ndiyo iliyokuwa sakafu yake. Sasa nilisikia Amina haina sakafu. Nikageuza kichwa. Mikono yake ilikuwa juu, inatuongoza, lakini mdomo umefungwa.

Ikawa hivyo Jumapili kadhaa. Kisha ikaja Jumapili ambayo hata mikono hakuinyanyua. Padre alimaliza sala, akainua kikombe, akangoja. Kwaya ikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama vidole vyake. Kanisa lote likawa kimya, hata ukasikia feni zikizunguka, mpaka mzee mmoja wa viti vya mbele akasema Amina kwa sauti kavu, na wengine wakamfuata ovyo ovyo.

Baada ya misa padre alituita kwenye baraza la nyumba yake. Alikuwa padre kijana kuliko sisi, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza kwa jasho. Aliniletea kiti mimi kwanza.

"Mwalimu, kuna nini?"

Mwalimu akamweleza yote, ya cheo na ya kazi ya cheo. Padre alisikiliza bila kumkatiza.

"Nimesikia hoja hizo," alisema mwishowe. "Lakini sheria ya Kanisa haidai mengi. Inataka Papa aachie kwa hiari yake, na atangaze ieleweke. Haidai hata mtu wa kumkubalia. Naye alitangaza, dunia nzima ikaelewa. Na baadaye mwenyewe amesema tena kwamba aliachia kwa hiari."

"Amesema akiwa wapi, padre?"

"Huko huko anakoishi."

"Mtu akiulizwa ndani ya nyumba ya mwingine kama yuko huru, atajibu nini?"

Padre akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.

"Mwalimu wangu, ukifika hapo hakuna jibu litakalokutosha. Akinyamaza, utasema amefungwa mdomo. Akisema, utasema amelazimishwa."

"Ndiyo maana sikuja kubishana nawe. Sitaki tu kuitikia Amina katika jambo nisiloliamini."

"Basi na kwaya huwezi kuiongoza," padre akasema, bila hasira. "Kwaya inawaongoza watu wote kuitikia."

"Najua," akasema Mwalimu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mazoezini kuaga. Mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mcheshi muuza nguo pale sokoni, alimuuliza, "Mwalimu, unajiuzulu au unapumzika?"

"Najiuzulu."

"Kwa hiari yako?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alisema, "Kwa hiari yangu," akaweka ufunguo wa kinanda juu ya benchi, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa katika safu ya sauti ya pili. Sikujua kama inanipasa kumfuata au kubaki na wenzangu, na kwa kuwa sikujua, nilibaki.

Hapo ndipo Jumapili zangu zilipobadilika. Tulizoea kutoka nyumbani pamoja, yeye na mkoba wa nyimbo, mimi na kitambaa changu cha kichwa, tukisalimiana na majirani waliokuwa wakifagia vibaraza. Sasa nilitoka peke yangu. Pale kanisani watu waliniuliza, "Mzee hajambo? Haonekani." Nikajibu mgongo unamsumbua. Baada ya muda waliacha kuniuliza, na kule kuacha kwao kuliniuma kuliko maswali, maana nilijua wamekwisha kuambiana. Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo alinishika mkono akaniambia nifunge na kusali, kwani ni shetani aliyemwingia. Nilimwambia ahsante. Zamu yetu ilipofika ya jumuiya kusali nyumbani kwetu, niliwaambia nina mgeni. Hatukuwa na mgeni.

Mwalimu hakunikataza kwenda kanisani hata siku moja. Niliporudi nilimkuta amekwisha kusoma masomo ya siku, amesimama wima peke yake kama mtu aliye mbele ya halaiki. Kwenye ukuta alikuwa amebandika picha ya Papa mzee aliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Alinikaribisha, akanipakulia chakula. Siku moja nilishindwa kujizuia.

"Unaona mimi nafanya dhambi kwenda kule?"

"Hapana, mama," akasema. "Mungu anajua wewe hujui."

Laiti angenikataza. Tungegombana, tukapatana. Lakini neno lile liliniweka mbali naye kabisa, kama mtoto anayesamehewa na mtu mzima. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yakawa ya chumvi, ya maji ya mfereji, ya simu ya binti yetu kama imeingia au haijaingia.

Naye alikuwa mpweke. Sikulitambua hilo mapema kwa sababu nilikuwa nahesabu upweke wangu tu. Aliwaita wale watu wa kwenye simu "wenzangu," lakini wenzake hawa walikuwa nchi za mbali, wanasema Kiingereza cha haraka, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba pale Ukunda yupo. Alasiri moja nilimwona akiandika ujumbe wa kuwasalimu. Alikuwa mwandishi wa pole pole, akitumia kidole kimoja. Akautuma, akaiweka simu gotini, akangoja. Nilifua, nikaanua, nikakunja nguo. Alikuwa bado anangoja. Hatimaye simu ikalia, akaichukua upesi.

"Wamekujibu?" nikamuuliza.

"Mmoja," akasema, akanionyesha. Ilikuwa ni alama ya moyo, bila neno.

Mtu aliyemtembelea alikuwa mmoja tu, jirani yetu Mdigo, mjane aliyetuzidi umri, mwuza maandazi. Yeye alikuwa Mwislamu, na mambo ya Papa hayakumhusu, ila alipenda kuelewa. Aliketi kwenye kizingiti chetu na kumuuliza Mwalimu maswali ambayo wanakwaya waliogopa kuyauliza.

"Kwani huyo mkubwa wenu, aliacha mwenyewe au aliachishwa?"

"Ndiyo swali lenyewe, bibi."

"Na yeye mwenyewe yuwasemaje?"

"Asema aliacha mwenyewe."

"Na wewe humwamini?"

"Namwamini yeye kuliko wote. Ndiyo sababu simwachi."

Jirani alinitazama mimi, akatazama picha ukutani, akasema, "Haya. Mapenzi," akaendelea kula maandazi yake mwenyewe.

Papa mzee alifariki mwishoni mwa mwaka, wakati hoteli zimejaa wageni na sisi wa dobi hatupewi hata nafasi ya kuketi. Nilisikia habari hiyo kazini nikiwa na pasi mkononi. Moyo wangu haukwenda kwa marehemu, Mungu anisamehe. Ulikwenda nyumbani. Niliomba ruhusa nikanyimwa, kwa hiyo nilipiga pasi mpaka zamu yangu ikaisha, kisha nikapanda tuktuk nikaenda mbio.

Nilimkuta ameketi chini kwenye mkeka, hana viatu, mlango wazi, kama walivyoketi jirani zetu walipofiwa. Hakuwa amekula. Picha ilikuwa mapajani mwake.

"Pole, Mwalimu," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Nikaketi kando yake. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji na sikukipata, maana mimi sikufiwa vile alivyofiwa yeye. Kule kanisani wangemwombea marehemu siku ifuatayo, na padre angesema maneno mazuri, lakini yeye asingekuwako. Alikuwa na msiba usio na waombolezaji.

Hapo tukasikia hodi. Jirani yetu aliingia amejitanda kanga, mkononi ana birika la kahawa ya tangawizi. Alivua ndara mlangoni.

"Nimesikia kwenye redio kwamba mzee wenu amekwenda," akasema. "Nikasema huyu mwanangu kafiwa, na watu wake hawaji. Poleni sana. Mola ampe makao mema."

Akaketi kwenye mkeka, upande wa pili wa Mwalimu, akamimina kahawa. Mume wangu alilipokea lile kopo kwa mikono miwili. Akaanza kulia. Tangu tuoane sikuwa nimemwona akilia hivyo, hata mama yake alipofariki. Jirani hakumwambia nyamaza. Alitazama nje tu, akanywa kahawa yake, akakaa nasi mpaka adhana ya magharibi ndipo akainuka kwenda kuswali. Na mimi nikawaza: mwanamke huyu, ambaye haamini katika Papa yeyote, amekuja kumfariji mume wangu, na mimi niliyeimba naye miaka yote nimekaa hapa sijui la kusema.

Baada ya hapo nilimuuliza, kwa upole, kama sasa atarudi kanisani. Papa alikuwa amebaki mmoja.

"Hakubaki hata mmoja," akasema. "Kiti kiko tupu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba mvua imekatika. Aliacha hata kuwasikiliza wale wa kwenye simu, maana nao walianza kugombana wao kwa wao, huyu akidai vile na yule akidai vingine, nao wengine wakijichagulia Papa wao wenyewe. "Sikutaka hayo," aliniambia. "Mimi nilitaka mmoja tu."

Miezi ikapita, kisha akaanguka. Nilimkuta kwenye njia ya kwenda chooni, mkono na mguu wa kulia haina nguvu, mdomo umekwenda upande. Jirani na wanawe walinisaidia kumwingiza kwenye gari, tukampeleka hospitali ya Msambweni. Wauguzi walimpokea vizuri. Daktari aliniambia ni mshipa wa kichwani, tungoje. Nikangoja. Wodini kila mgonjwa alikuwa na ukoo mzima kando ya kitanda, watu wa Gazi, watu wa Lungalunga, wakija na vyakula na mikeka, wakisalimiana. Mwalimu alikuwa na mimi. Wanawake wale walinigawia wali wao bila kuniuliza mimi ni nani.

Alipoanza kusema tena, kwa taabu, nilimpigia padre bila kumwambia mwenyewe. Padre alikuja asubuhi na mfuko wake mdogo mweusi. Mwalimu alipomwona alifumba macho, nikadhani amekasirika. Kisha akayafumbua.

"Utamtaja?" akauliza. Maneno yalimtoka yamevunjika, lakini tulielewa.

"Katika sala za mpako wa wagonjwa hatajwi Papa," padre akasema. "Hutajwa mgonjwa tu."

Mwalimu akafikiri. "Umetumwa na nani?"

"Leo nimetumwa na mke wako."

Upande wa uso wake uliokuwa mzima ulicheka. Akatoa mkono ule wa kushoto, akaugeuza kiganja juu. Mimi nikamshikia ule wa kulia. Padre akampaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye viganja, na wale wanawake wa vitanda vya jirani wakanyamaza kwa heshima mpaka alipomaliza.

Kisha padre akafungua kile kikopo kidogo cha dhahabu kilichobeba Ekaristi. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hiyo hapana, padre. Nisamehe."

Nilijua sababu. Mkate ule ulikuwa umewekwa wakfu katika misa ambayo lile jina lilitajwa. Padre hakubishana naye. Alinitazama mimi, nami nikapokea, nimesimama kando ya kitanda, mkono wangu ungali umeshika mkono wa mume wangu. Nimepokea komunyo tangu utotoni, na nilifundishwa kwamba ndicho kitu kinachotuunganisha. Siku ile nilikimeza nikiwa peke yangu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Aliishi hivyo kwa muda, mimi nikimwogesha asubuhi kabla ya kazi na jirani akimchungulia mchana. Kisha yule Papa wa pili naye akafariki, makardinali wakakutana, moshi mweupe ukatoka. Tulisikiliza redio pamoja. Nilitamani sana. Niliona kama mlango umefunguliwa: wote wawili wamekwenda, sasa huyu ni wa tatu, hana kosa la mtu.

"Sasa je, Mwalimu?"

"Wengi waliomchagua walipewa ukardinali na yule," akasema. "Kama yule hakuwa Papa, hawa nao ni nani?"

"Basi itaisha lini?"

"Sijui, mama." Akanishika mkono. "Nimechoka nalo. Lakini siwezi kusema naamini ili tu niketi nawe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia kwamba alitamani kuketi nami. Nilikwenda jikoni nikalia huko, ili asione.

Kabla ya mvua za vuli aliniambia kwamba siku yake ikifika asisomewe misa. Sala za kaburini zinatosha. Nilimwahidi. Alifariki muda si mrefu baadaye, mchana, akiwa ameketi mlangoni. Jirani ndiye aliyekuwa naye, na ndiye aliyemfumba macho.

Tulimpeleka bara kumzika. Padre wetu alikuwa amezungumza na padre wa kule, akaja mwenyewe kuendesha sala, zile za kaburini tu. Shemeji zangu walikasirika. Mkubwa wao aliniita kando.

"Ndugu yetu amefundisha kwaya maisha yake yote, halafu unamzika bila misa? Watu waseme alifanya nini?"

"Ni yeye aliyetaka, shemeji."

"Mgonjwa anaweza kutaka lolote. Wewe ndiye mwenye akili timamu."

Sikuweza kumweleza mambo ya cheo na kazi ya cheo, pale kwenye udongo mwekundu, na jeneza linangoja. Nikasema tu kwamba nilimwahidi. Wanakwaya wachache wa Ukunda walikuwa wamesafiri nasi. Waliimba mpaka kaburi likajaa, na Amina waliyoimba ilikuwa ile yake.

Nilirudi pwani peke yangu. Binti yetu alinitaka nikaishi naye, lakini nyumba ya mkwe si yangu, na huku angalau najua njia. Jirani yangu naye alihamia Waa kwa mwanawe, macho yakiwa yamemfifia. Mimi humpigia simu, tukajuliana hali. Bado napiga pasi, ingawa sasa wananiachia vitambaa vidogo.

Jambo moja lilinisumbua. Nilimwahidi kumzika bila misa, na nilimzika bila misa. Lakini mimi ni mjane Mkatoliki, na nilihitaji misa kwa ajili ya mume wangu kama ninavyohitaji maji. Nilipomweleza padre, alisema, "Yeye yuko anakojua ukweli wote sasa. Aliyebaki hajui ni sisi. Njoo siku ya kawaida, asubuhi."

Nikaenda, siku ya katikati ya wiki, watu wachache, hakuna kwaya. Padre alifika kwenye ile sala ndefu. Akamtaja Papa. Akamtaja askofu. Kisha, mistari michache mbele, katika kuwaombea marehemu, akamtaja mume wangu kwa jina lake, lile lililosahauliwa na watu wote. Nilishtuka kulisikia. Majina yale mawili yalikaa ndani ya sala moja, karibu karibu, na katika kanisa lile ni mimi na padre tu tuliojua kwamba hayakupatana.

Baada ya misa padre alinisindikiza mpaka langoni.

"Unadhani angekasirika?" akaniuliza.

"Angeninunia," nikamwambia. "Wiki nzima, asinitazame usoni."

Padre akacheka. Sikumwambia ninavyoitamani wiki hiyo. Nilimuaga, nikavuka barabara, nikaingia kazini nimechelewa kidogo, na mashuka ya wageni walioondoka asubuhi yalikuwa yamekwisha kuletwa.